Simba wa Mbali na Mfereji wa Mlangoni

Kitabu cha mtoto ni kitu kidogo kwa umbo na kikubwa kwa matokeo. Mtu mzima akisoma kitabu kibaya hupoteza saa zake; mtoto akisoma kitabu kibaya aweza kupoteza namna ya kuutazama ulimwengu. Kwa hiyo vitabu vya watoto vihusuvyo maumbile na hifadhi ya mazingira havistahili kusamehewa makosa yao kwa udhuru kwamba vimeandikwa kwa nia njema. Nia njema ni mbegu, na mbegu huhukumiwa kwa mmea wake.

Vingi vya vitabu hivyo katika Kiswahili vimefuata mtindo mmoja. Huwapo simba au tembo asemaye. Huwapo mwindaji haramu au mkata miti, mtu maskini aliyechorwa uso wa kutisha. Huwapo mtoto mwema akaaye kando ya mbuga, ambaye humwonya mkosaji, kisha hupanda mti mmoja, kisha kijiji kizima humpigia makofi. Ukurasa wa mwisho huwa wa maagizo: usikate miti, usiue wanyama, tunza mazingira. Jina la mto halimo. Jina la mti halimo. Wala haielezwi mvua ilianguka wapi na maji yake yalikwenda wapi. Maumbile ya vitabu hivyo yanaelea angani mfano wa Kusadikika, nchi aliyoibuni Shaaban Robert katika kitabu chake cha mwaka 1951. Tofauti ni kwamba Shaaban Robert aliiweka nchi yake hewani kwa makusudi, apate kuwasema waliokaa ardhini. Waandishi hawa wameyaweka maumbile hewani kwa uvivu.

Msomaji na amchukue mtoto wa Gerezani, ampe kitabu cha namna hiyo, aone kitakachotokea. Gerezani ni kata iliyo katika moyo wa Dar es Salaam, jirani ya reli, bandari na soko la Kariakoo. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yamekuwa na kituo kikubwa hapo. Sauti ijulikanayo zaidi katika mitaa yake ni ya nyundo za mafundi wageuzao mabati kuwa majiko, ndoo na masanduku. Mtoto akuaye katika sauti hiyo hajamwona simba, na huenda asimwone maisha yake yote, kwa maana safari ya mbugani ina gharama na mzazi wake ana kodi ya chumba. Akisha kukifunga kitabu atakuwa amejifunza jambo moja ambalo mwandishi hakulikusudia: kwamba maumbile ni mali ya mahali pengine, kwamba kwao hakuna maumbile, na kwa hiyo hakuna cha kuhifadhi. Somo hilo ni la hatari kuliko ujinga. Mjinga aweza kuuliza. Aliyefundishwa kwamba mtaa wake si sehemu ya dunia iliyo hai hana sababu ya kuuliza, wala hana uchungu akiona ndoo ya taka ikimwagwa katika mfereji ulio mlangoni pake.

Tena somo hilo ni la uongo, na mji wenyewe unalikanusha kwa majina yake. Jirani za Gerezani ni Mnazi Mmoja na Mchikichini. Mzunguko ukipanuliwa utafika Mkwajuni, Mwembechai na Mikocheni. Watu walioyaita mahali hapo hivyo waliijua miti kwa majina yake hata wakaifanya kuwa anwani. Mtoto wa leo hutaja mchikichi kila apandapo daladala, asijue umbo lake wala mafuta yake. Hutaja Mikocheni asijue kwamba mkoche ni jamaa ya mnazi. Kitabu cha kurasa 20 kingetosha kumrudishia elimu hiyo. Kingemwonyesha na mwarobaini, uliotoka Bara Hindi ukawa kivuli cha mitaa yake, na mkungu, ambao popo huujia usiku kwa ajili ya matunda.

Kingemweleza pia habari za kunguru mwenye shingo ya kijivu. Ndege huyu aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Alizaana akapita kiasi, akaenea pwani ya bara, akala mayai na makinda ya ndege wa asili. Katika kunguru huyo mna elimu nzima ya mazingira: binadamu alitafuta mfagiaji asiyelipwa, akapata mgeni asiyeondoka, na mgeni huyo hatapungua maadamu chakula chake kimerundikwa sokoni. Mtoto wa Gerezani humwona kunguru kila asubuhi. Mwalimu gani aachaye mfano ulio juu ya paa akaenda kutafuta mfano ulio Serengeti?

Soko lenyewe ni kitabu kisichosomwa. Jengo kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa katika miaka ya 1970, lilipewa paa la zege lenye umbo la miavuli mikubwa, ikumbushayo miti ambayo chini yake masoko ya Afrika yalikusanyika tangu kale. Miavuli hiyo ilikusudiwa pia kukinga mvua na kuyateremsha maji yake. Moto wa Julai 2021 uliliunguza jengo hilo, na habari zake zilienea nchi nzima. Lakini ni watoto wangapi wa Kariakoo walioelezwa, kabla ya moto au baada yake, kwamba Mtanzania mmoja alifikiri juu ya mvua na kivuli alipokuwa akichora soko la mama zao?

Lakini habari kubwa kupita zote ni ya mto Msimbazi. Mto huu hupokea maji ya vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita kati ya viwanda na makazi, hushuka katika bonde la Jangwani karibu kabisa na Kariakoo, na kuingia Bahari ya Hindi penye mikoko, karibu na Daraja la Selander. Misitu ya Pugu ilikatwa mno kwa ajili ya kuni na mkaa, na soko la mkaa huo lilikuwa mjini. Udongo uliokosa mizizi ulichukuliwa na mvua. Mchanga ukajaa bondeni. Nyumba na taka zikaibana njia ya maji. Mto uliokosa kina ukapanda kingo zake. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha. Watu zaidi ya 40 walikufa katika Dar es Salaam, na jamaa nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imefurikwa na maji mara kwa mara. Basi jiko la chai lililo Gerezani, kisiki kilicho Pugu na kaburi la aliyezama Jangwani vimefungwa kwa uzi mmoja. Kuuonyesha uzi huo ndiyo kazi ya kitabu cha mazingira. Kitabu kisichouonyesha kimefanya kazi ya picha ya ukutani.

Hilo ni kosa la kwanza, nalo ni kosa la mahali. Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa ni kosa la haki. Katika vitabu hivi mkosaji huwa mtu mdogo daima. Mchoma mkaa hulaumiwa. Mji uliomnunulia mkaa hautajwi. Mtoto huamriwa kuokota ganda la ndizi. Haambiwi juu ya maji machafu ya viwanda, ya machinjio na ya mabwawa ya maji taka yaliyoingia Msimbazi miaka nenda miaka rudi. Haambiwi kwamba mchicha ulimwao katika bonde hilo huuzwa sokoni, na kwamba watafiti wameyapima maji na mboga zake wakakuta metali nzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilimpa kila mtu akaaye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Haikumtoa mtoto. Lakini kitabu cha mtoto kimejaa wajibu wake, na haki yake haimo hata mstari mmoja. Mifuko ya plastiki, ile iitwayo rambo, haikuondolewa madukani kwa mawaidha. Iliondolewa kwa amri ya serikali tarehe 1 Juni 2019. Mtoto ana haki ya kujua kwamba uchafu una wenyewe, na kwamba nchi ina uwezo wa kuwaamuru.

Kama vitabu hivi vinataka shujaa, naye yupo. Fundi wa Gerezani achukuaye pipa lililotupwa akalipiga nyundo likawa jiko, ameokoa chuma kisiwe taka. Na jiko hilo likiundwa vema huteketeza mkaa mchache, na kila gunia lisilonunuliwa ni miti iliyobaki imesimama. Mtu huyu hana nafasi katika vitabu vya mazingira. Mikono yake ina masizi, na wachoraji wamezoea mashujaa wa nguo nyeupe.

Wako wasemao kwamba mtoto hutaka maajabu, na kwamba mfereji hauna ajabu. Hao wanaipima ajabu kwa umbali. Mtoto hushangazwa na kila kitu kilichoelezwa vizuri: jinsi mbegu ya mkoko huanza kuota ingali juu ya mti, au jinsi tone lililoanguka Pugu lifikavyo baharini. Kama mfereji umeonekana mkavu katika kitabu, ukavu huo ni wa kalamu.

Wako wasemao kwamba wanyama wa mbugani ni urithi wa taifa. Neno hilo ni kweli. Septemba 1961 Mwalimu Nyerere, katika Tamko la Arusha juu ya wanyama pori, aliahidi kwamba Tanganyika itawatunza ili wajukuu wa watoto wa zama zile waufaidi urithi huo. Ahadi hiyo ni tukufu. Lakini mjukuu aliyeahidiwa anakaa Gerezani, naye atampenda tembo wa mbali kwa kipimo cha alivyofundishwa kumpenda ndege wa karibu. Upendo huanzia mkono unapofika.

Wako tena wasemao kwamba ni vibaya kumtwika mtoto huzuni ya mafuriko na hila za wenye viwanda. Watu hao wamesahau hadithi walizosimuliwa na bibi zao. Hadithi za kale hazikumficha mtoto ulafi wa fisi wala udhalimu wa mwenye nguvu. Zilimwonyesha, na zikamwonyesha sungura akitafuta njia. Na mtoto wa bondeni hahitaji kuletewa huzuni na kitabu. Maji yaliingia chumbani kwake kabla ya kitabu. Analohitaji ni maneno ya kuyaeleza.

Wala jambo hili si geni katika Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Vijitabu vyake vilisema juu ya choo, maji na mbu wa kijiji cha msomaji, na wasomaji walitoka darasani wakachimba vyoo. Baadaye ikaja kampeni ya Misitu ni Mali. Kama mtu mzima aliyejifunza kusoma jana alistahili kitabu kinachoanzia uani kwake, mwanawe amekosa nini?

Kenya ina ushahidi ulio bora zaidi. Wangari Maathai, aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 2006 jinsi alivyocheza utotoni na mayai ya vyura katika kijito karibu na mti wa mugumo, na jinsi mti ulipokatwa kijito kilivyokauka. Elimu yake yote ilianzia kijito hicho kimoja. Mwaka 2010 kilitoka Marekani kitabu cha picha cha watoto juu yake kiitwacho Mama Miti. Jina lake ni la Kiswahili. Maelezo yake ni ya Kiingereza. Aibu ya jambo hilo haimwangukii aliyekiandika.

Haisemwi kwamba hakuna juhudi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, na kwa msaada wake vitabu vingi vya Kiswahili vimefika shuleni. Kwa hiyo njia ya kuchapa ipo na waandishi wapo. Udhuru wa jangwa umekwisha. Lawama nyingine ni ya vyuo vikuu. Wataalamu wa fasihi huandika juu ya riwaya na kukipita kitabu cha mtoto kama mtu apitaye kando ya mchezo. Wataalamu wa sayansi wameupima Msimbazi mwaka baada ya mwaka, na matokeo yao yamo katika majarida ya Kiingereza, yakisomwa mbali na bonde. Mtu akaaye Stockholm aweza kujua kilichomo ndani ya mto huo. Mtoto akaaye Gerezani hajui.

Basi na kianze kitabu kimoja. Kiandikwe kwa Kiswahili safi, na mwanafasihi akishirikiana na mpimaji wa maji na mchoraji aliyetembea njia yote kwa miguu. Kianzie Pugu na kiishie penye mikoko. Kitaje kila mti kwa jina lake, na kila bomba la uchafu liwekwe mahali lilipo. Kimchore fundi na nyundo yake, kunguru na taka zake, mama lishe na gunia lake la mkaa, na mwenye kiwanda na bomba lake. Kisimwamrishe mtoto kitu mpaka kimemwonyesha sababu. Kisha kigawiwe katika shule za Gerezani, Kariakoo, Mchikichini na Jangwani kabla ya masika, wakati maji hayajafika mlangoni.