Tunatozwa faini kwa kuwahi kulipa



Walimu wengi huku Upareni tunajenga kwa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, mradi theluthi moja ibaki. Deni la shilingi 3,000,000 likikaa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 16 huzaa shilingi 480,000. Hiyo ni fedha ya mabati! Basi tangawizi ya Mamba Miamba ilipopata bei, mimi na mke wangu tukajibana, watoto wakavaa viatu vya mwaka jana (vilivyobana pia), tukapeleka fedha benki. Tukadaiwa faini ya kuwahi kulipa. Je, hii ni haki? Naiomba Benki Kuu isimamie faini hiyo iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa wa kwanza wa mkataba, kabla mtu hajatia sahihi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Same.