Ulikuwa na pesa ya ekzosi

Wacha niseme hii kitu mnichukie mapema: wengi wetu tunaopanda pikipiki za matope wikendi hatujui kuzitunza. Tunajua kuzipiga picha.

Nenda Ngong Jumapili asubuhi. Utapata msee amebadilisha ekzosi ndio apige kelele mtaa mzima uamke, stika kila mahali, kamera juu ya helmeti. Sasa mwambie afungue pikipiki akuonyeshe filta ya hewa. Atakuangalia kama umemuuliza PIN ya M-Pesa.

Na hapo ndio shida iko. Vumbi la kule Suswa ni laini kama unga wa chapati. Linaingia masikioni, kwa simu, hadi kwa chupa ya maji uliyofunga. Injini inavuta hiyo hiyo hewa, na kitu pekee kinachosimama katikati ni kipande cha sponji kilichopakwa oili. Oili ndiyo inashika vumbi. Sponji ikikauka ama ikijaa, vumbi linapita mpaka kwa silinda, na huko linafanya kazi ya msasa: linakwaruza kuta, linakula ringi za pistoni. Pikipiki inakosa nguvu, inakunywa oili, inatoa moshi wa bluu. Halafu unatuambia ati hizi pikipiki ni takataka.

Kuosha hiyo sponji ni nusu saa, ukitoa muda wa kukauka. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Ikamue kwa kuibana, usiisokote itapasuka. Anika kivulini ikauke kabisa, paka oili ya filta, kamua iliyozidi, weka grisi kidogo pale kwa ukingo inapokalia, rudisha. Usioshe na petroli: inalegeza gundi ya sponji, na pia iko tayari kukuchoma. Kama yako ni ya karatasi, usiioshe, nunua nyingine.

"Fundi wangu ataangalia." Fundi yupi? Yule unampelekea pikipiki ikishakufa? Nimeona mtu akikaza cheni mpaka ikawa kama waya ya gitaa, na mwenye pikipiki akalipa na kusema asante. Bana, hizi pikipiki zina saspensheni ndefu. Ukiruka ukatua, gurudumu la nyuma linapanda na cheni inavutwa zaidi. Kama haina nafasi ya kucheza, inaumiza beringi ya sproketi ya mbele ama inakatika, na cheni ikikatika kwa kasi inaweza kupasua kava ya injini. Kipimo cha kulegea kiko kwa kitabu cha pikipiki yako. Kisome.

Kuna pia wale wa kumimina oili yoyote ya gari. Kwa pikipiki nyingi za mipigo minne oili moja inahudumia injini, giaboksi na klachi. Oili kadhaa za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano, kwa hivyo itaanza kuteleza. Tafuta chupa imeandikwa JASO MA. Na kabla mtu anikumbushe tena ati niliacha chuo: nati haiulizi cheti.

Watu wa boda, wale tunawacheka, wengi wanajua oili ilimwagwa siku gani. Pikipiki ikilala, watoto wanalala njaa. Wewe yako ikilala unaweka picha ya huzuni mtandaoni. Na usiniambie huna doo ya sevisi. Ya ekzosi ilitoka wapi?

Sawa, filta ni pesa yako, fanya unavyotaka. Lakini breki ni maisha yangu pia, kwa sababu kutoka Kona Baridi kuelekea Olorgesailie tunashuka pamoja na wewe uko nyuma yangu. Oili ya breki inanyonya unyevu kutoka kwa hewa polepole. Ukiiacha miaka, ina maji ndani. Breki zikipata joto kwa mteremko mrefu, hayo maji yanachemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabanika. Unabana mkono wa breki, unaenda mpaka kwa mpini, na pikipiki haisimami. Kawaida inabadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Angalia kwa kile kikopo kidogo: kama imegeuka rangi ya strungi, ilishachelewa.

Kwa hivyo Jumapili hii tukikutana Kiserian nitazunguka nikibana breki za kila mtu, na ukinuna ni sawa. Yule ambaye mkono wake unagusa mpini anabaki hapo hotelini akunywe chai. Tutampata tukirudi.