Kibanda Kwanza, Ghorofa Baadaye

Ukimwambia mtu Nairobi kwamba unajifunza kuprogramu, swali la kwanza ni, "Italipa ngapi?" La pili ni, "Umefika React?" Hakuna anayeuliza unataka kutengeneza nini. Maswali haya nimeulizwa na wasee wa mtaa, na binamu yangu, hata na kinyozi akiwa ameshika mashine. Yanasikika ya kirafiki, lakini yamebeba wazo moja bovu: kwamba mtu hujifunza kompyuta ili aajiriwe tu, kwa hivyo afundishwe kile kilichoandikwa kwenye tangazo la kazi. Wazo hilo ndilo limetujazia jiji watu wenye vyeti vya kutengeneza tovuti ambao hawajawahi kuwa na tovuti.

Mimi si mprogramu wa kulipwa. Mchana nauza vipuri Kirinyaga Road, usiku nafungua lapi. Kwangu huu ni uraibu, ule wa insha za shule ya msingi: "Uraibu wangu ni kusoma na kuogelea," hata kama bwawa la kuogelea tuliliona kwa kitabu tu. Wengine hufuga njiwa. Wengine hukesha na PlayStation mpaka alfajiri na hakuna anayewauliza italipa ngapi.

Kilichonivuta ni drafti. Karibu na steji yetu Umoja kuna besi ya drafti: ubao wa plaiwudi, vizibo vya soda, mabenchi mawili na kelele nyingi. Kila jioni ugomvi ni ule ule: nani nambari wani? Kuna mzee anayedai ni yeye kwa sababu zamani alipiga kila mtu. Kuna kijana wa boda anayehesabu ushindi wa wiki hii pekee. Nikakumbuka kwamba watu wa chesi walishaimaliza kesi hii. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia Marekani aliyezaliwa Hungaria, alitunga hesabu ya kupima wachezaji, na shirikisho la chesi duniani likaipokea mwaka 1970. Tuseme wote mnaanza na pointi 1200 na kila mechi ina uzito wa 32. Ukimshinda aliye sawa nawe unapata 16, naye anapoteza 16. Ukimshinda aliyekuzidi kwa mbali unapata zaidi. Ukimwonea mnyonge unaokota makombo. Hesabu yote inaingia kwa mistari michache. Nilichotaka ni ukurasa mmoja wenye jedwali, unaofunguka kwa simu ya kila mtu pale besi. Jina, pointi, mechi. Basi.

Nikalipia kozi ya jioni katikati ya jiji, miezi mitatu. Siku ya kwanza hatukuandika hata neno moja la HTML. Tulishusha programu. Kisha tukashusha programu ya kushusha programu nyingine. Kisha, kwenye lile dirisha jeusi, tukaandika amri moja ya kuanzisha mradi, nayo ikaanza kuvuta maelfu ya mafaili madogo madogo. Wifi ya darasa ikalemewa, kila mtu akawasha hotspoti yake. Bando yangu ya siku iliisha mradi ukiwa nusu. Nilipomalizia nyumbani usiku nikapima folda: megabaiti zaidi ya 250. Na baada ya uzito wote huo, ukurasa ulionyesha nembo inayozunguka. Nembo yenyewe ni ya wenye programu.

Kufikia wiki ya tatu lapi yangu, ya mitumba kutoka Moi Avenue, RAM ya 4GB, ilikuwa inahema kama matatu inayopanda mlima na abiria wa ziada. Video za mafunzo tulizopewa zilikuwa za miaka miwili nyuma, na amri zilizokuwa ndani zilishabadilishwa. Unaandika kile kile alichoandika jamaa wa video. Yeye anapata ukurasa, wewe unapata maandishi mekundu kutoka juu mpaka chini. Mkufunzi alikuwa na jibu moja: weka toleo jipya. Ukiweka toleo jipya la hiki, kile kinagoma. Mwenzetu mmoja alituma anwani ya mradi wake kwa grupu ya WhatsApp ya familia, kumbe ni ile ya localhost, ambayo hufunguka kwenye mashine yake pekee. Darasa likapasuka kwa kicheko. Aliyestahili kuchekwa ni mkufunzi. Tulikuwa wiki ya tisa, na hakuna aliyekuwa amefundishwa jinsi ukurasa unavyotoka kwa lapi ukafika kwa watu.

Mwishoni tulitengeneza nakala ya tovuti ya filamu ya kampuni kubwa ya Marekani. Watu ishirini, nakala moja. Nikapewa cheti. Jedwali la drafti halikuwa kwenye silabasi.

Utaniambia hiyo ni kozi moja mbaya, ningetafuta nyingine. Nimetafuta. Za kulipia na za bure, za darasani na za video, nyingi zinaanza pale pale: fremuwaki kwanza, msingi utajijua. Hata roboti hizi za AI ni hivyo hivyo. Niliomba moja inipe jedwali la majina na pointi. Ikanipa mradi mzima wa fremuwaki, mafaili kumi na kitu, na maagizo ya kushusha mengine. Roboti imesoma yale watu wanayoandika, na watu wanaandika yale matangazo ya kazi yanayotaka.

Tuangalie basi hivi vitu vilitoka wapi. React ilitolewa na Facebook mwaka 2013, kutatua shida za Facebook: ukurasa mmoja wenye chati, arifa na maoni yanayobadilika kila sekunde, ukishikwa na timu kubwa ya wahandisi kwa wakati mmoja. Kwa kazi hiyo ni chombo safi, kama kreni ilivyo safi kwa ghorofa ishirini za Upper Hill. Lakini mama mboga akitaka kibanda humpelekei kreni. Unampelekea mbao, misumari na mabati, na jioni anauza sukuma.

Na hizo kreni zenyewe hazikai. AngularJS ilitoka 2010, watu wakaisoma mpaka macho yakawauma. Mwaka 2016 ikaja Angular mpya, iliyoandikwa upya kabisa, na ulichojua ukakibeba kama noti zilizofutwa na Benki Kuu. Mwezi wa Machi mwaka huo huo, mprogramu mmoja aliondoa kijiprogramu chake kinachoitwa left-pad kutoka ghala la npm. Kilikuwa na mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya maneno. Miradi mingi sana duniani, ikiwemo ya makampuni makubwa, ikagoma kujengeka mpaka kikarudishwa. Hao ni wataalamu wa kulipwa. Sasa mtu wa bando ya siku anayejifunza usiku baada ya kazi, kwa nini tumpandishe kwa mnara huo siku ya kwanza?

Ukurasa wa kwanza wa wavuti, wa Tim Berners-Lee pale CERN, ni wa mwaka 1991. Nakala yake bado inafunguka leo kwa simu yako, bila toleo jipya la chochote. Mwaka 1993 CERN ikaiachia dunia teknolojia hiyo bure. Tangu hapo wavuti ulisukumwa na watu wa uraibu. PHP ilianza kama vifaa ambavyo Rasmus Lerdorf alijitengenezea kwa ukurasa wake binafsi, ndiyo maana herufi zile zilisimamia "Personal Home Page". Na hapa nyumbani, Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, wanablogu na waprogramu wachache walijenga Ushahidi kwa siku chache tu: ramani, na njia ya watu kuripoti kinachotokea kwao. Walianza na watu waliohitaji kusikika, wakachukua vifaa vilivyokuwa karibu. Leo Ushahidi inatajwa kwa hotuba za kusifu vijana wa teknolojia, kisha vijana wenyewe wanapelekwa darasani kunakili tovuti ya filamu.

Jedwali la drafti nilikuja kulitengeneza kwa jioni nne, bila kushusha kitu. Faili moja ya HTML, moja ya CSS. Hesabu ya Elo naifanya kwa lapi kwa mistari isiyofika thelathini ya JavaScript, kisha ukurasa unabeba matokeo tu, ili simu isisumbuke. Uzito wote ni kilobaiti 9. Ndani ya ile folda ya kozi, kurasa kama hizo zingeingia zaidi ya 27,000. Ukurasa unafunguka kwa simu iliyopasuka kioo, na unafunguka kwa kabambe ya yule mzee.

"Kijana, hii kitu imesema mimi ni nambari ngapi?"

"Tatu, mzee."

"Na huyo Elo wako, alicheza drafti na nani?"

Ugomvi haukuisha. Sasa wanagombania hesabu: kwa nini mechi ina uzito wa 32, kwa nini anayekosa kucheza mwezi mzima habakuliwi pointi. Kijana wa boda alinikalisha chini nimwonyeshe, na akaona mahali pa kubadilisha namba. Mwezi mmoja baadaye alikuwa na ukurasa wake, wa bei za safari kutoka steji hadi mitaa ya karibu. Hajui fremuwaki ni nini. Ameshanipita mimi wa cheti, kwa sababu kazi yake ina watu wanaoitumia.

Najua jibu linalokuja. Uraibu haulipi rent. Kijana anataka kazi, na kazi inataka React. Sawa, njaa si mchezo, na sitamdharau anayesoma ili ale. Lakini hata kwa hesabu ya tumbo, kuanzia juu ni hasara. Aliyeshika HTML, CSS na JavaScript yenyewe akitakiwa ajue fremuwaki, anaona inachomfanyia na inachomficha. Aliyeanzia kwa fremuwaki, toleo likibadilika anarudi kulipa karo upya. Tena angalia kazi zilizo karibu nawe. Duka letu la vipuri linahitaji ukurasa wenye bei, saa za kufungua na namba ya simu. Shule ya mtaani, kanisa, chama, fundi wa viti: wote hao wanahitaji kibanda. Wanaambiwa ni laki moja, kwa sababu aliyefundishwa anajua kujenga ghorofa pekee.

Na kuna jambo zito kuliko pesa. Mei 2025 mprogramu Rose Njeri alikamatwa kwa sababu ya ukurasa. Ukurasa huo uliwasaidia Wakenya kutuma barua pepe bungeni kuupinga Mswada wa Fedha wa 2025. Alilala seli sikukuu ya Madaraka ikipita, akashtakiwa chini ya sheria ya makosa ya mitandao, na mwezi wa Juni korti ikayatupa mashtaka kwa kuwa hayakuonyesha kosa lolote. Fikiria hilo. Dola ilielewa ukurasa mmoja unaweza kufanya nini, wakati sisi bado tunaulizana umefika React. Ukijua kujitengenezea ukurasa mwepesi na kuuweka hewani mwenyewe, una kitu cha kusemea. Ukijua tu kufuata video, umenunuliwa tiketi ya kungojea mtu akuajiri ndipo useme.

Kwa hivyo ninadai mambo machache. Wenye kozi, wiki ya kwanza kila mwanafunzi awe na ukurasa wake hewani, unaohusu kitu anachokijua: timu yake, kuku wa shosho yake, bei za steji. Msimpe fremuwaki mpaka aeleze kwa maneno yake kwa nini anaihitaji. Msiandike silabasi kwa lapi ya RAM 16GB na wifi ya ofisi, wakati darasa lina mitumba na bando. Serikali, mliidhinisha mtaala wa kuprogramu kwa shule za msingi na za upili mwaka 2022. Mtoto wa shule yenye kompyuta tano na stima ya kubahatisha aanze na somo lisilohitaji intaneti kabisa, na HTML haihitaji. Nanyi mnaouliza italipa ngapi, muulizeni pia mtu anataka kutengeneza nini, kisha mkae msikilize jibu.

Wewe unayesoma hapa na umekuwa ukisema utaanza ukipata lapi bora, ukipata kozi, ukipata mtaji: fungua Notepad, au programu yoyote ya kuandika maandishi matupu. Andika jina la mtaa wako kati ya <h1> na </h1>. Chini yake andika, kati ya <p> na </p>, jambo moja ambalo watu wa hapo wanalihitaji na hakuna aliyeliandika popote. Hifadhi kwa jina index.html. Bonyeza mara mbili. Bando haijaguswa. Kesho tafuta jinsi ya kuuweka hewani, kuna seva za bure za kurasa ndogo kama hizo, kisha mtumie anwani mtu mmoja pale steji umuulize kama umefunguka.