Mzazi Si Mfuko wa Fedha

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii twaifundisha kila mwaka, twawatungisha wanafunzi sentensi kwayo, kisha twatoka darasani tukaisahau. Laiti tungaliiamini, shule zetu za chekechea zingalikuwa na sura nyingine.

Hapa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, wazazi wengi huijua shule ya mtoto kwa mambo mawili tu: lango na karani wa karo. Asubuhi mzazi humkabidhi mwanawe langoni, adhuhuri humpokea pale pale. Yaliyopita katikati hayamhusu. Akiitwa mkutanoni, ajue fedha zimepungua.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo. Mwenye shule alisema kwa Kifaransa muda wa saa nzima mbele ya wazazi ambao wengi wao husema Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni. Alipouliza kama kuna swali, mama mmoja mchuuzi wa ndagala alinong'ona nyuma yangu: "Nitauliza nini, na sikusikia kitu?" Karo ikapandishwa. Kimya chake kikaandikwa kuwa ni kukubali.

Wapo wasemao kwamba wazazi hawakusoma, basi na waachiwe wenye ujuzi. Hoja hii haina miguu. Karo ya shule za msingi ilipofutwa nchini Burundi mwaka 2005, watoto walifurika na madarasa hayakutosha. Nani aliyebeba mawe na matofali katika kazi za pamoja za Jumamosi? Ni wazazi hao hao, na hakuna aliyewadai vyeti. Je, mkono ufaao kubeba tofali la shule haufai kulifungua daftari la mapato yake? Tena chekechea haikuingia katika msamaha ule. Mzazi ndiye aliyebaki akiilipia. Alipaye asipoulizwa, huko si kushirikishwa, ni kutozwa.

Tusidhani jambo hili ni ndoto. Mombasa, katika miaka ya 1980, mwalimu Bi Swafiya Said, akisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, alizisaidia jamii za Waislamu wa Pwani kuanzisha chekechea zao wenyewe. Kamati za wenyeji zilizisimamia, na wanawake wa mtaani wakafunzwa ualimu. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Na huko Italia, vita vilipokwisha mwaka 1945, wanakijiji wa karibu na mji wa Reggio Emilia waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani, wakajenga shule ya watoto wadogo. Mwalimu Loris Malaguzzi, ambaye sifa zake zilienea baadaye, aliwakuta wameshaanza kazi.

Sisemi kwamba mzazi aingie darasani kumfundisha mwalimu kazi yake. Namna ya kumfundisha mtoto ni amana ya mwalimu. Lakini kiasi cha karo, uji wa watoto, usalama wa choo na uzio, mshahara wa mlezi, na lugha ya mkutano, haya ni mambo ya baraza la wote. Na mzazi naye asijifiche: baba amwachiaye mkewe kila mkutano hana haki ya kulalamika barazani.

Nasi walimu wa Kiswahili tuna deni letu. Lugha tunayoisifu kwamba inaunganisha watu imekaa nje ya lango la chekechea huku wazazi wakikubali wasiyoyaelewa. Twendeni mikutanoni. Tufasiri, tuandike kumbukumbu na hesabu kwa maneno ambayo mchuuzi wa ndagala atayasoma au kusomewa, bila kukitweza Kirundi, lugha ya mama ya watoto wengi hawa. Siku atakaposimama na kuuliza, "Faranga zetu zimekwenda wapi?", ndipo methali yetu itakapokuwa imefundishwa kweli.