Kiungo kisithibitishe mtu kwa kufunguliwa tu

Kwenye usajili wa watumiaji, Django, fremuweki ya Python, inabeba mzigo mkubwa, sikatai. Ila ukitaka watu waingie kwa barua pepe badala ya jina la mtumiaji, weka AUTH_USER_MODEL kabla hujaendesha migrate ya kwanza. Kuibadilisha baadaye, hifadhidata ikiwa imeshajaa watu, ni kazi ya kutoa jasho.

Mnaojenga bila fremuweki, msitengeneze tokeni ya kiungo cha kuthibitisha barua pepe kwa moduli ya random. Moduli ya secrets ipo tangu Python 3.6, secrets.token_urlsafe(32) inatosha kabisa. Kwenye jedwali tunzeni hashi yake ya SHA-256, si tokeni yenyewe, ili atakayeliiba asipate cha kutumia. Nenosiri ni habari nyingine: linataka scrypt au Argon2, maana watu huchagua maneno mepesi.

Na jamani, hili la kiungo! Mifumo mingi ya barua za ofisini hufungua viungo yenyewe kukagua usalama kabla mwenye barua hajaisoma. Akija kubofya, anaambiwa kimeshatumika. Kiungo kilete ukurasa wenye kitufe, na POST ya kitufe hicho ndiyo imalize tokeni. Pia, anayesema amesahau nenosiri apewe jibu lile lile, akaunti iwepo isiwepo.