Mkataba wa Mwambao Tuletewe kwa Kiswahili

Ndugu zangu wa Pwani,

Nimeletewa tena video ya vijana wetu wakipiga kelele kwamba Pwani si Kenya, na mzee mmoja akiwaambia mkataba wa Mwambao ulikuwa wa miaka hamsini, umeshakwisha. Nimeumia sana. Wazee wangu, mbona mwawapa watoto maneno msiyoyasoma?

Hakuna miaka hamsini mle. Kilichokodishwa ni ule ukanda wa maili kumi, Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Tangu 1895 Mwingereza akimlipa Sultani wa Zanzibar pauni 11,000 kila mwaka. Tarehe 8 Oktoba 1963, hapa London, ulitiwa saini mkataba wa kuufuta mpango huo, na ukanda ukawa wa Kenya moja kwa moja ilipojitawala Desemba. Siku tatu kabla ya mkataba huo, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua za ahadi: uhuru wa kuabudu, mahakama za kadhi zibaki, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu inapowezekana, na hati za ardhi zilizosajiliwa zitambuliwe daima.

Hiyo ya hati ndiyo iliyotumaliza. Mwenye karatasi alilindwa. Aliyelima shamba la babu yake bila karatasi akabaki skwota, na wajukuu wake ni maskwota mpaka leo. Kabla ya hapo, kamishna Sir James Robertson alikuja 1961, akasikiliza watu, akaandika ripoti na kushauri tuunganishwe na Kenya. Kura ya maoni hatukupigishwa.

Tazameni ya wenzetu: Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius visiwa vya Chagos. Wachagos nao walinyimwa kiti mezani, na uchungu wao naujua. Lakini maandishi ya mkataba wao yalitoka siku ileile. Mchagos aliyeko Crawley, huku Uingereza, aliweza kuusoma na kuupinga kifungu kwa kifungu. Sisi, miaka zaidi ya sitini, bado twahadithiana!

Ninalotaka ni moja. Mabunge ya kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu yatoe tafsiri rasmi ya mkataba, zile barua na ripoti ya Robertson. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, basi kitumike kwa jambo letu kubwa kuliko yote. Isomwe barazani, misikitini, makanisani na mbele ya wazee wa kaya, kifungu cha ardhi kirudiwe hadi kieleweke. Skwota akienda mahakamani ajue ni ahadi gani inayomkaba, na nani aliitoa. Msiniambie fedha hakuna. Za kukaa hotelini kujadili ardhi yetu huwa zapatikana.

Mtaniuliza, wewe uliyeondoka una haki gani ya kusema? Shangazi yangu alipovunjiwa nyumba Kilifi, mimi nilituma pesa. Waliokaa naye juani na vyombo vyake ni nyinyi, wanangu na dada zangu, na usiku mwingine silali kwa hilo. Ndiyo maana sinyamazi.

Nakala za mwanzo za tafsiri hiyo kwa Mombasa tutazilipia sisi wa huku. Mawakili wetu vijana, anzeni kwa kutafsiri barua ya Kenyatta kwa Shamte. Si ndefu.