Mafuta Yanaokolewa na Mguu wa Dereva

Madereva wa Kasulu na Kibondo, ninyi mnaoijua barabara ya Makere, Mvugwe na Nduta kuliko mgeni yeyote, neno hili ni lenu. Mafuta yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutufikia, na gharama ya safari hiyo tunailipa sisi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi. Bei hiyo hatuipangi. Tunachopanga ni namna ya kuendesha.

Wapo wasemao kwamba kupunguza mwendo ni kupoteza abiria. Na wapige hesabu. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 100, upepo hulipinga gari kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu, na injini hulazimika kunywa zaidi. Katika kipande cha kilomita 40 umeokoa dakika sita tu, nazo huishia stendi ukisubiri gari lijae, injini ikinguruma bure.

Wengine huteremka kuelekea bonde la Malagarasi kwa gia huru, wakiamini wanabana matumizi. Wanajidanganya. Injini nyingi za siku hizi hukata mafuta gari likiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa umeachia. Ukiweka huru, injini hudai mafuta ili isizimike, na breki hubaki peke yake kubeba uzito wa watu na mizigo. Huko ni kununua hatari kwa fedha yako mwenyewe.

Wewe unajua tuta liko wapi na kona iko wapi. Basi achia mafuta mapema. Kila breki ya ghafla inamwaga mafuta uliyokwisha kuyalipia. Pima upepo wa matairi kabla ya safari, na keria isiyo na mzigo iteremshe.

Baada ya bei ya mafuta duniani kupanda mwaka 1973, taifa letu lilifika hatua ya kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Tusingoje kuamriwa tena.

Nanyi wenye magari, msiwalaumu madereva peke yao. Hesabu ya siku ikiwa kubwa mno, dereva atakimbia tu. Pangeni hesabu inayomruhusu kuendesha kwa akili, kisha mgawane naye kinachobaki kwenye tangi. Akiba haiozi.